Kwa nini Cairo ya Illinois haikuwa jiji kubwa, ilhali mito miwili mikubwa inakutana mlangoni pake?

#1 Mzee wa Ramani

Salaam wanajukwaa. Kuna jambo linanikera kila nikifungua ramani ya Marekani. Pale Mto Ohio unapoingia katika Mto Mississippi, kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, upo mji mdogo uitwao Cairo, ambao ndio makao makuu ya Kaunti ya Alexander. Ukimpa mwanafunzi ramani tupu ya nchi ile na kumwambia achague mahali pa kujenga jiji la biashara, sidhani kama atasita: upande mmoja mto unaotoka Pittsburgh, upande wa pili mto unaotoka Minnesota, na kusini njia ya maji hadi New Orleans. Hata hivyo, sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203, na ile ya 2020 ikahesabu 1,733 tu. Mito haijahama.

Dai langu ni kwamba Cairo iliuawa na madaraja. Mwaka 1889 reli ya Illinois Central ilifungua daraja lake juu ya Ohio, na mabehewa ambayo hapo awali yalilazimika kusimama, kupakiwa kwenye pantoni na kuvushwa, yakaanza kupita moja kwa moja. Mji unaoishi kwa kusimamisha watu hufa siku watu wanapoacha kusimama. Mwenye maelezo mengine ayalete, ila ayalete pamoja na miaka yake.

#2 Binti Makunduchi

Nimeingia nikitarajia habari za Mto Nile, nimekuta Mississippi. Kabla ya kujadili kifo cha marehemu, naomba mtueleze nani alimpa jina hilo. Nimetazama ramani na jirani zake ni Thebes na Karnak. Kuna Farao aliyepita huko?

#3 Kitabu Wazi

Binti Makunduchi, sehemu yote ya kusini ya Illinois huitwa na wenyeji wake Misri Ndogo, na zipo simulizi mbili zinazogombea asili ya jina hilo. Ya kwanza inasema kwamba mfanyabiashara aliyeitwa John Comegys, alipopata kibali cha kuanzisha mji mwaka 1818, aliiona rasi hiyo iliyozungukwa na mito na mafuriko yake akakumbuka delta ya Nile. Ya pili inahusu kipupwe kikali cha 1830 kuamkia 1831, ambapo mahindi yaliharibika kaskazini na watu wakateremka kusini kununua nafaka, kama wana wa Yakobo walivyoteremka Misri wakati wa njaa. Simulizi ya pili inapendwa zaidi na wahubiri, lakini jina la Cairo lilikwishakuwepo miaka 12 kabla ya kipupwe hicho. Huenda simulizi zote mbili ni za kweli, kila moja kwa jina lake: ya kwanza kwa mji, ya pili kwa eneo zima.

Sasa nimgeukie Mzee wa Ramani. Daraja la reli lilifunguliwa mwaka 1889, sawa. Sensa ya 1890 ilikuta watu 10,324, ya 1900 watu 12,566, ya 1910 watu 14,548, na kilele ni hicho cha 1920 ulichokitaja mwenyewe. Ni marehemu gani huyu anayenenepa kwa miaka 30 baada ya kuuawa?

#4 Dereva wa 57

Mimi si msomi, lakini njia hiyo ninaipita na mzigo, kwa hiyo niwape hali ya mahali penyewe. Ukitoka Missouri kwa barabara namba 60 unapanda daraja la Mississippi, unashuka Illinois, na kabla hujabadilisha gia vizuri unapanda daraja la Ohio na kuingia Kentucky. Majimbo matatu yanapita kwa muda wa kumaliza wimbo mmoja wa redio. Daraja la Ohio ni jembamba sana, na lori jingine likija mbele unajikuta unabana pumzi bila sababu. Watu wengi huvuka hivyo bila kugeuza uso upande wa mjini.

Mara moja niligeuza. Niliingia Commercial Avenue nikitafuta chakula. Kuna jengo la ghorofa tatu la matofali mekundu, dirisha la juu lina fremu ya mbao iliyochongwa kwa ustadi, na mti umeota ndani ukatoa tawi kupitia dirisha hilo. Jirani yake hakuna jengo, ni nyasi. Na jirani ya nyasi ni nyasi tena. Sikupata chakula. Nilipotoka kuelekea kaskazini nilipita chini ya reli, na hapo nikaona jambo ambalo sijaliona kwingine: lango la chuma kubwa kuliko nyumba, limening'inizwa juu ya barabara. Nani anajua kazi yake?

#5 Fundi Mto

Lango hilo hushushwa wakati wa mafuriko. Kama ulivyoona, mji umezungukwa na matuta na kuta pande zote. Ohio upande wa mashariki, Mississippi upande wa magharibi, na kaskazini tuta linaziba nyanda za chini zilizo nyuma ya mji. Barabara ilibidi itoboe tuta hilo, na lango likishushwa tundu linazibwa, mji unakuwa bakuli. Bakuli hilo limekaa katika ardhi ya chini kabisa ya jimbo zima la Illinois, na kwa maoni yangu maelezo ya swali la mleta mada yaanzie hapo, si kwenye madaraja.

Tatizo la Cairo haliko juu ya tuta tu, liko chini yake. Ardhi yote ile ni mchanga na tope vilivyoletwa na mito yenyewe. Mto ukijaa, maji husukumwa chini ya tuta na kuchomoza upande wa ndani, katikati ya bustani ya mtu, yakichemka na kutema mchanga. Ukijaribu kuziba kishimo hicho, maji yatatafuta mahali pengine pabaya zaidi. Dawa yake ni kukizungushia magunia ya mchanga kama kisima, ili maji yapande humo ndani, na uzito wake upunguze kasi ya yale yanayotoka chini, yasiendelee kuchimba tuta. Mji mkubwa unahitaji misingi mizito, mabomba, na mwekezaji asiyeogopa. Tuta lilibomoka Juni 1858 na mji ukafunikwa, wakati ambapo Chicago ilikuwa inainua majengo yake juu ya tope na kuendelea na biashara.

#6 Mzee wa Ramani

Kitabu Wazi amenibana vizuri, lakini hajanimaliza. Sikusema daraja moja, nilisema madaraja. Mwaka 1905 reli ilipata daraja jingine juu ya Mississippi huko Thebes, kaunti ileile. Mwaka 1929 likaja daraja la magari juu ya Mississippi, na miaka michache baadaye daraja la Ohio analolilalamikia Dereva. Mwaka 1978 barabara kuu ya 57 ikapata daraja lake kaskazini mwa mji, na tangu hapo msafiri wa Chicago kwenda Memphis haioni Cairo kabisa. Chukueni sensa za karne ya 20 mzipange pembeni ya miaka hiyo.

Kuhusu ardhi ya chini, namuuliza Fundi Mto swali moja: New Orleans imejengwa juu ya nini? Jiwe?

#7 Hidaya wa Carbondale

Nimesoma kwa subira mkizungumzia reli, tope na malango. Naishi umbali wa saa moja hivi kaskazini mwa mji huo, na wazee wa huko ukiwauliza kilichoiua Cairo hawaanzi na daraja. Wanaanza na mwaka 1909.

Novemba 11 mwaka huo, mwanamume Mweusi aitwaye William James, aliyetuhumiwa kumuua msichana mzungu, alichukuliwa kutoka mikononi mwa sherifu na umati wa maelfu ya watu. Walimtundika chini ya tao la taa za umeme katikati ya mji, kamba ikakatika, wakamfyatulia risasi, kisha wakamchoma. Hakufikishwa mahakamani. Picha za usiku huo ziligeuzwa kadi za posta na kuuzwa. Mji ambao zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake walikuwa Weusi, ambao wengi wao wazazi wao walifika hapo wakikimbia utumwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, uliwatangazia hadharani kwamba hawana ulinzi. Mnataka nani abaki kujenga jiji hapo?

#8 Mwanasheria wa Ilala

Dada Hidaya amesema kweli, nami naongeza mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza, usiku uleule umati huohuo ulivunja jela na kumtoa mzungu mmoja aliyetuhumiwa kumuua mke wake, naye akanyongwa. Kwa hiyo pamoja na ubaguzi wa rangi, mamlaka ya dola yenyewe ilikuwa imeporomoka usiku ule.

La pili ni la kisheria, na ndilo ninalolipenda. Illinois ilikuwa na sheria ya 1905 iliyosema kwamba sherifu akinyang'anywa mahabusu na mahabusu huyo akauawa na umati, sherifu anapoteza cheo. Gavana Charles Deneen akamwondoa sherifu wa Kaunti ya Alexander, Frank Davis. Sherifu akaomba arudishwe, akiwa na barua nyingi za kumtetea, baadhi zikiwa zimesainiwa na Weusi wa mjini waliosema alikuwa mtu mwema kwao. Ndipo Ida B. Wells, mwandishi wa habari kutoka Chicago, akapanda treni hadi Cairo, akahoji watu, akawaeleza wale waliosaini maana ya walichokisaini, kisha akasimama Springfield, makao makuu ya jimbo, mbele ya gavana akabishana na mawakili yeye mwenyewe si wakili. Gavana akakataa kumrudisha sherifu. Kesi hiyo inahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyofanya maofisa wa Illinois waogope kuwaachia umati mahabusu wao.

#9 Kitabu Wazi

Nawashukuru wote wawili. Hata hivyo mizani niliyompimia Mzee wa Ramani lazima niitumie kwa Hidaya pia: baada ya 1909 mji uliendelea kukua hadi 1920, na mwaka 1940 bado ulikuwa na watu 14,407. Uovu ule ulikuwa mkubwa, lakini hauonekani katika safu ya idadi ya watu.

#10 Hidaya wa Carbondale

Kitabu Wazi, sensa huhesabu vichwa, haihesabu waliokata shauri wasije. Mwenye kiwanda aliyekuwa akichagua kati ya Cairo na mji mwingine mwaka 1910 hakuacha jina lake katika safu yako.

#11 Mzaramo Ughaibuni

Mnagombana kuhusu mazishi wakati mgonjwa alizaliwa na ugonjwa. Rudini nyuma. Comegys aliyetajwa katika #3 alikufa mwaka 1820 na mpango wake ukafa naye. Mwaka 1837 akaja Darius Holbrook na Kampuni ya Mji na Mfereji wa Cairo. Alikopa fedha nyingi London kwa hati za dhamana, akajenga tuta, karakana na sehemu ya kuundia meli, na watu wakafika. Kosa lake ni kwamba kampuni ilitaka kumiliki kila kitu: viwanja havikuuzwa, vilikodishwa. Benki ya London iliyobeba deni hilo ilipoanguka, kazi zikasimama na wafanyakazi wakaondoka karibu wote. Mwandishi Charles Dickens alipopita kwa meli Aprili 1842 alikuta vibanda vinavyooza kwenye kinamasi, akaandika maneno ambayo watu wa Cairo hawakumsamehe.

Walioirithi ardhi hiyo waliendelea na tabia ileile ya kushikilia viwanja wakingoja bei ipande. Mji ambao mkazi wake si mwenye ardhi hauna mtu wa kuupigania. Linganisheni hesabu ya 1860: Cairo watu 2,188, Chicago watu 112,172. Mchezo ulikuwa umekwisha kabla ya daraja, kabla ya 1909 na kabla ya kila kitu mlichokitaja.

#12 Mzee wa Ramani

Mzaramo, mwaka 1860 ndiyo kwanza reli ya Illinois Central ilikuwa na miaka minne tangu ikamilike, na Cairo ndiyo iliyokuwa mwisho wake wa kusini. Mchezo ulikuwa unaanza.

#13 Mzaramo Ughaibuni

Reli hiyohiyo ilipewa tawi la kwenda Chicago, na tawi likawa nene kuliko shina. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Septemba 1861 Ulysses Grant, jenerali wa jeshi la Kaskazini, akaweka makao yake Cairo, na siku chache baadaye akautwaa mji wa Paducah, Kentucky. Mwanzoni mwa 1862 akatoka hapo kwenda kuziteka ngome za Kusini za Henry na Donelson. Mji ulijaa askari, mabaharia wa manowari za mtoni, wachuuzi na wakimbizi waliotoka utumwani, na fedha ilimwagika. Lakini vita hivyohivyo viliifunga Mississippi ya chini kwa biashara, na nafaka ya Illinois ikalazimika kwenda mashariki kwa reli kupitia Chicago. Mto ulipofunguliwa tena mwaka 1863, wafanyabiashara walikuwa wamekwishazoea njia mpya. Kwa hiyo vita viliifanya Cairo maarufu huku vikiipa Chicago wateja wake.

#14 Binti Makunduchi

Nimeona mahali kwamba Cairo haikuwa makao makuu ya kaunti tangu mwanzo. Ni kweli? Maana kama hata kaunti yenyewe haikuiamini, huo ni ushahidi.

#15 Kitabu Wazi

Ni kweli kabisa, na Kaunti ya Alexander ina historia ya kuhamahama kama familia ya mpangaji. Ilipoundwa mwaka 1819 makao yake yalikuwa mji ulioitwa America, ufukweni mwa Ohio, ambao nao ulitangazwa kuwa utakuwa jiji kubwa. Mwaka 1833 yakahamia Unity, ndani ya nchi kavu. Baada ya kaunti kugawanywa mwaka 1843 na upande wa mashariki kuwa Kaunti ya Pulaski, makao yakapelekwa Thebes mwaka 1846, na mwishowe yakatua Cairo kufikia 1860. America leo iko ndani ya Pulaski na imebaki jina tu.

Huko Thebes jengo la mahakama la 1848 bado limesimama juu ya kilima, limejengwa kwa mawe, na kutoka barazani unaiona Mississippi ikipinda chini yako. Wenyeji hueleza kwamba Dred Scott, mtumwa ambaye kesi yake ilitikisa nchi mwaka 1857, aliwahi kufungwa katika selo za chini za jengo hilo.

#16 Mwanasheria wa Ilala

Hiyo ya Dred Scott iacheni barazani ilipo. Kesi yake ilianzia na kuendeshwa St. Louis, naye alikuwa akiishi huko. Mtalii akilipa kiingilio ataambiwa chochote.

#17 Ndugu Kalemie

Mimi ni Mkongomani, nafanya kazi kwenye boti za kusukuma matishari, na nimeshangaa kwamba hadi mchango wa 16 hakuna aliyezungumzia mto unavyofanya kazi leo. Ndugu zangu, Cairo haikufa upande wa maji. Juu ya hapo, Mississippi na Ohio zina malango ya kupandishia na kuteremshia vyombo. La mwisho upande wa Ohio ni Olmsted, lililofunguliwa mwaka 2018, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kutoka Cairo kwenda chini hadi baharini hakuna lango hata moja. Kwa sababu hiyo boti inayoteremka na matishari 15, kwa kuwa ndiyo idadi inayoingia kwenye malango makubwa, ikifika Cairo hufungua kamba, na matishari huunganishwa upya kuwa fungu la 30 au hata 40 kwa safari ya New Orleans. Usiku taa za boti pale ni nyingi kuliko taa za mji.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo haihitaji mji. Wafanyakazi tunabadilishana zamu kwa gari kutoka miji mingine, chakula kinaletwa na boti ndogo, mafuta vilevile. Zamani meli ya mvuke ilihitaji kuni, makuli, maghala, hoteli na baa. Sasa mahindi na soya ya kujaza treni nzima hupita mbele ya mji na mkazi wake hapati hata shilingi ya kubeba gunia.

Na kwa anayependa kuona: simama kwenye ncha yenyewe, pale palipokuwa Ngome ya Defiance. Ohio huja na maji ya kijani yaliyotulia, Mississippi huja na maji ya rangi ya udongo, na mstari wa mpaka wao huuona kwa macho ukienda chini mbali kabla hawajachanganyika. Kwa wastani Ohio ndio unaoleta maji mengi zaidi, ingawa jina limechukuliwa na mwenzake.

#18 Fundi Mto

Kalemie ametoa mchango ulionishibisha. Ila ametuongezea maelezo ya tano badala ya kutupunguzia.

#19 Hidaya wa Carbondale

Na mimi sijamaliza. Mwaka 1962 vijana wa harakati za haki za kiraia walikwenda Cairo kwa sababu bwawa la kuogelea la mji lilikuwa limegeuzwa klabu ya watu binafsi ili Weusi wasiingie. Picha ya John Lewis, mmoja wa vijana hao, akiwa amepiga magoti mbele ya bwawa hilo pamoja na wenzake, ile iliyochapishwa kwenye mabango nchi nzima, ilipigwa hapo. Baadaye bwawa lilifungwa na kufukiwa, kwa maana heri wote wakose kuliko wote waogelee.

Julai 1967 askari kijana Mweusi wa miaka 19 alikutwa amekufa kwenye selo ya polisi wa mji. Maofisa walisema amejinyonga, jamaa zake na majirani wakakataa kuamini, na mji ukawaka moto hadi wanajeshi wa akiba wakaletwa. Wazungu wakaunda kundi la mgambo lenye kofia nyeupe. Mwaka 1969 Mchungaji Charles Koen na muungano wa United Front wakaanzisha mgomo wa kutonunua kwenye maduka yasiyoajiri Weusi, na mgomo huo ulidumu miaka. Wenye maduka wengi walichagua kufunga kuliko kuajiri. Usiku risasi zilielekezwa kwenye nyumba za umma za Pyramid Courts, walikoishi Weusi, na watoto walilala ndani ya mabafu ya chuma. Kitabu Wazi, fungua safu yako: 1960 walikuwa 9,348 na 1970 walikuwa 6,277. Hiyo nayo haionekani?

#20 Kitabu Wazi

Hiyo inaonekana, na ndilo pengo kubwa kuliko yote hadi wakati huo. Lakini kati ya 1940 na 1960 mji ulikwishapoteza watu 5,000 kabla mgomo haujazaliwa. Ninachokubali ni kwamba mji uliokuwa ukipungua ulipata sababu ya kukimbiwa.

#21 Dereva wa 57

Naomba kuuliza kama mtu wa barabarani. Paducah iko Kentucky, mwendo wa nusu saa na ushei, nayo iko mtoni, ina madaraja, ilijaa maji mwaka 1937, na ilikuwa na ubaguzi kama miji yote ya huko. Ina watu 27,000. Cape Girardeau upande wa Missouri ina karibu 40,000. Kwa nini hao hawakufa?

#22 Mzaramo Ughaibuni

Paducah ilipata kiwanda cha serikali cha kurutubisha urani mwaka 1952, Cape Girardeau ina chuo kikuu, na miji yote miwili ina nchi kavu nyuma yake ya kupanukia. Cairo ina kaunti nyembamba iliyobanwa na mito na haikuwahi kupewa taasisi hata moja yenye mishahara ya kudumu. Hata hospitali yake ilifungwa mwaka 1986.

#23 Mzee wa Ramani

Chuo hujengwa mahali watu wanapofika kwa urahisi. Narudi kwenye madaraja.

#24 Fundi Mto

Nilijua utarudi. Basi na mimi narudi kwenye maji, kwa sababu hakuna aliyegusa 2011. Mwaka 1937, wakati karibu kila mji wa kando ya Mto Ohio umezama, Cairo ilinusurika kwa kuongeza ukuta wa mbao na udongo juu ya tuta, na kwa wahandisi kulipua tuta la Birds Point ng'ambo ya Missouri ili maji yaende mashambani. Kipimo cha mto kilifika futi 59.5. Mei 2011 kikapanda hadi futi 61.72, mji ukaamriwa uhame, na usiku wa Mei 2 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kikalipua tena Birds Point na kufunika ekari 130,000 za mashamba. Jimbo la Missouri lilikuwa limekimbilia hadi Mahakama ya Juu kuzuia, likashindwa. Spika wa bunge lake alipoulizwa angependa kizame kipi, Cairo au mashamba, alijibu Cairo, na baadaye akaomba radhi.

Mkopeshaji wa benki akisikia majibizano kama hayo kwenye televisheni, atatoa mkopo wa kujenga kiwanda hapo?

#25 Hidaya wa Carbondale

Usisahau kwamba ndani ya mashamba hayo kulikuwa na kijiji cha Pinhook, cha wakulima Weusi walionunua ardhi hiyo ya bonde la mafuriko kwa sababu pengine hawakuuziwa. Kilisombwa chote. Kwa hiyo mji wenye Weusi wengi uliokolewa kwa kukizamisha kijiji cha Weusi, halafu nchi nzima ikabishana kuhusu soya.

#26 Mwanasheria wa Ilala

Na pigo la karibuni halikutoka mtoni. Mamlaka ya nyumba ya kaunti ilisimamiwa vibaya kwa miaka hadi serikali ya shirikisho ikaichukua mwaka 2016. Mwaka uliofuata familia zilizoishi katika majengo ya Elmwood na McBride, jumla ya watu wapatao 400, zikaambiwa zihame kwa kuwa nyumba hazifai kukarabatiwa. Wakapewa hati za ruzuku ya kodi ya nyumba, lakini mjini hapakuwa na nyumba za kukodi, kwa hiyo hati zikawa tiketi za kuondokea. Sensa ya 2020 ilikuta kwamba hakuna kaunti Marekani iliyopoteza sehemu kubwa ya watu wake katika muongo huo kuliko Alexander: kutoka 8,238 hadi 5,240. Duka la mwisho la vyakula lilikuwa limefungwa 2015, na wakazi wakakaa miaka mingi wakisafiri hadi miji mingine kununua mboga, hadi ushirika ulipofungua duka mwaka 2023.

#27 Binti Makunduchi

Kwa hiyo Dereva hukukosa chakula kwa bahati mbaya. Ahsanteni, nimesoma hadi macho yameuma. Na ule mradi wa bandari mpya vipi?

#28 Mzaramo Ughaibuni

Jimbo lilitenga dola milioni 40 kwa ajili ya bandari ya Cairo katika mpango wake wa miundombinu. Hoja ni ileile ya Holbrook ya 1837: mito miwili, reli, barabara kuu, na hakuna malango kwenda baharini. Tofauti ni kwamba safari hii mkopo hautoki London.

#29 Mzee wa Ramani

Bandari ina maana meli zitasimama. Ndicho nilichokuwa nikikisema tangu #1.

#30 Ndugu Kalemie

Mzee, matishari yanasimama hapo kila siku hata sasa, nimekwisha kueleza katika #17. Swali ni mzigo gani utashushwa pale badala ya kupita, na nani atakuwa analipwa kuushusha. Makontena yakiinuliwa na kreni inayoendeshwa na mtu mmoja anayelala Paducah, mtarudi hapa kuhesabu sensa ya 2030 na kugombana upya. Anayejua mpango huo unataka aina gani ya mzigo aseme, maana sisi wa kwenye boti hatujaambiwa.